Karatasi Mbili za Marehemu Meya

6 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua umeniambia mara tatu nipige simu badala ya kuandika, lakini kwenye simu mimi ni pumzi tu. Wewe unasema halo, halo, mimi napumua, halafu salio linakwisha. Kwenye karatasi angalau maneno yananisubiri.

Meya amefariki. Nadhani habari zimeshafika huko. Hapa mkahawani kwa mama hakuna mazungumzo mengine tangu Jumatatu. Unakumbuka nilikuandikia juu ya sheria ya mama, kwamba siasa ni baada ya chakula, na anayepaza sauti sahani ikiwa bado mbele yake inaondolewa hata kama hajamaliza. Wiki hii ameshaondoa sahani nne. Fundi saa ananyang'anywa kila siku, kwa sababu anasema Meya alikuwa mtu wa watu, eti alikuja hapa hapa, akakalia kiti hiki hiki, akanywa supu hii hii. Muuza magazeti naye anamjibu, "Alikunywa nusu. Mtu anayeacha nusu bakuli ya supu ya mama huyu ana lake moyoni." Fundi saa akasema marehemu hasemwi. Muuza magazeti akasema basi na wewe acha kumsema, maana kumsifu pia ni kumsema. Mama akabeba sahani zote mbili.

Sasa nikuambie kilichonitoa usingizi. Hili jengo lenye vyumba vya biashara, ambamo mama ana chumba namba sita, litapewa jina la Meya. Hafla ni Jumamosi tarehe 29. Wanataka mwanafunzi asome kumbukumbu ya marehemu, kwanza kwa lugha ya darasani kwa ajili ya wageni wa kutoka nje, kisha kwa Kiswahili kwa ajili yetu. Mwalimu mkuu amenichagua mimi kwa sababu nina alama nzuri katika lugha zote mbili. Hakuuliza habari ya sauti. Mimi hata darasani nikiitwa jina naitika kwa kunyoosha mkono.

Ningekataa, Shangazi, lakini katibu wa Meya, ambaye ndiye ameshika ofisi kwa sasa, alikuja kunywa chai kwa mama. Alisema anafurahi kusikia ni binti wa chumba namba sita. Halafu akasema baada ya hafla wataangalia upya nani abaki kwenye vyumba na nani apishe. Alisema hivyo huku anakoroga sukari, anatabasamu. Mama alicheka pia. Nilikuwa nafuta meza ya pembeni na niliona mkono wake umeng'ang'ania kitambaa.

Nifundishe, wewe ambaye hujawahi kuogopa watu. Mtu anaanzaje kusema?

Mpwa wako,
Konokono

&nbsp;

12 Machi

Konokono wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisomea jikoni, katikati ya masufuria, na msaidizi wangu akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, amekufa mtu mwingine.

Mimi bado nipo hapa hospitalini, napikia wagonjwa mia mbili. Chakula cha hospitali kina raha yake: anayekila hana nguvu za kulalamika. Lakini supu ya mama yako naikumbuka. Hilo sitalikana. Yule mwanamke anajua kuchemsha mifupa.

Umeuliza mtu anaanzaje kusema. Anaanza kwa kukasirika, mpenzi. Wewe shida yako si sauti, shida yako hujawahi kukasirika ukiwa umesimama. Unakasirika ukiwa umelala, asubuhi umesahau. Jifunze mbele ya ndoo ya maji, uione sura yako, uiambie kitu usichokipenda.

Habari za Meya usiniulize. Mimi na yeye tulimalizana. Waache wamsifu, waliompenda wapo, na hata mimi siwezi kusema hakutengeneza taa za barabarani. Alizitengeneza, na nikatembea chini yake kwenda kituo cha basi na begi langu. Mtu mmoja anaweza kukuwashia taa na kukubomolea jiko, na watu wawili wakamkumbuka tofauti, na wote wakawa wanasema kweli.

Wakikupa hayo maneno ya kusoma, niandikie yanasemaje. Nataka kujua tu.

Mama yako msalimie, ukiona inafaa.

Shangazi yako

&nbsp;

17 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimeiambia ndoo kwamba siipendi pua yangu. Ndoo haikujibu. Tunaendelea.

Nimepewa karatasi mbili, kila lugha na yake. Katibu alinikabidhi mwenyewe, akasema, "Usihangaike, ni kitu kimoja." Nimezisoma mara nyingi mpaka nimezijua kwa moyo, na si kitu kimoja.

Ya Kiswahili, mahali pa akina mama wa vibanda, inasema hivi: "Hatutasahau alivyowapenda akina mama wapishi." Basi. Sentensi moja na nukta.

Ya wageni ni ndefu. Nakutafsiria kama ilivyo: "Wanawake kumi na sita waliokuwa wakipika katika vibanda vichafu kandokando ya barabara walimwomba wao wenyewe awaondoe pale. Walitia saini kwa hiari yao. Leo wanafanya biashara ndani ya jengo hili safi, na wanamshukuru."

Mimi nilikuwa na miaka minane wakati vibanda vinavunjwa. Nakumbuka vumbi, nakumbuka tingatinga la njano, nakumbuka wewe umesimama juu ya meza. Sikumbuki mtu anayeomba. Na humu ndani ya jengo kuna wauza simu, mshona suti, duka la rangi. Aliyekuwa na kibanda ni mama peke yake.

Kwa hiyo nakuuliza. Waliomba? Na wewe uliondoka kwa sababu ya kazi ya hospitali kama nilivyoambiwa, au kwa sababu nyingine?

Sijamuuliza mama. Nilianza, nikasema, "Mama, wale wenzako wa vibandani," akaniambia niangalie maziwa yasimwagike. Hayakuwa mekoni.

Konokono

&nbsp;

21 Machi

Mwanangu,

Nilijiambia nitakuandikia haya ukiolewa. Lakini umeuliza kama mtu mzima, basi pokea kama mtu mzima.

Tulikuwa kumi na saba. Mimi na mama yako tulikuwa na kibanda kimoja wawili, lakini kila mmoja na vyombo vyake, maana jikoni wifi na wifi wasipotenganisha sahani wanatengana wao. Meya akapata wageni. Ofisi yake ikatuagiza chakula, tukafurahi, kila mtu akapika anachokiweza, tukapeleka pamoja na sahani zetu. Kumi na mbili kila mtu. Wageni wakala wakalamba vidole.

Kesho yake sahani zikarudi kwenye makreti, na karatasi juu yake. Katibu, huyu huyu wako wa kukoroga sukari, akasema tutie saini kwamba tumerudishiwa vyombo vyetu. Juu kulikuwa na maneno ya lugha yenu ya darasani, hakuna aliyeyajua. Mama yako ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri, basi katibu akampa yeye kalamu, naye akatuzungushia: wewe hapa, wewe hapa, fanya haraka bwana anasubiri. Wote wakasaini.

Mimi nikahesabu sahani zangu. Zilikuwa tisa. Nikasema sisaini mpaka tatu zangu zirudi. Katibu akasema, "Saini tu mama, zitafuata." Nikamwambia zikifuata, saini nayo itafuata. Wenzangu wakanicheka, eti naaibisha watu kwa ajili ya sahani tatu zenye ukingo wa buluu. Mama yako alinivuta kanga, akaninong'oneza, "Wifi, usitutie aibu."

Siku ya nane tingatinga likaja. Nilipopanda juu ya meza na kuuliza kwa amri ya nani, katibu akatoa karatasi ile ile. Ile ya sahani. Ikasomwa kwa Kiswahili kwa mara ya kwanza, na kumbe tulikuwa tumeomba kuondolewa. Majina kumi na sita. La kwangu halipo, na hakuna aliyejali halipo.

Hayo yote ningeyameza. Lakini jengo lilipokwisha, kati ya sisi kumi na saba aliyepewa chumba ni mmoja. Aliyezungusha kalamu. Nikamuuliza mbele yako, labda hukumbuki, "Ulijua?" Hakunijibu. Nikafunga begi.

Sasa umejua. Usinichukulie upande, sikulei kwa chuki. Na Jumamosi fanya unachoweza kufanya na ukaweza kulala. Sitakuhukumu.

Shangazi yako

&nbsp;

26 Machi

Shangazi,

Nimekaa na barua yako siku mbili ndani ya kitabu cha jiografia.

Nitakuambia ukweli ambao unanitia aibu. Nilipomaliza kuisoma sikukukasirikia wewe wala mama wala Meya. Nilijikasirikia mimi kwa kuuliza. Nilikuwa nakula chakula cha chumba namba sita bila kujua, kilikuwa kitamu. Sasa kila kijiko kinaniuliza swali.

Mama amepiga pasi sare yangu tayari, na bado siku tatu. Ameitundika ukutani palepale mkahawani, wateja wanaiona. Anamwambia kila anayeingia, "Mwanangu atasoma Jumamosi, lugha mbili." Fundi saa ameniletea peremende za kulainisha koo. Muuza magazeti amesema atakuja japo hampendi marehemu, atakuja kwa ajili yangu, na kama nitashindwa kusema atakohoa kwa nguvu ili watu wadhani ni yeye amenikatiza. Siwezi kumharibia mama. Nikisema neno lolote lisilo lao, Jumatatu chumba ni cha mtu mwingine. Na sijui, Shangazi, pengine alijua. Itakuwaje nikasimama mbele ya watu wote nikamuuliza mama yangu kama alijua?

Nimeamua kusoma kama nilivyopewa. Hii barua itakufikia baada ya hafla, ndiyo maana nina ujasiri wa kuiandika. Usinichukie.

Konokono

&nbsp;

OFISI YA MEYA
31 Machi

Kwa: Mpangaji, Chumba Namba Sita

YAH: MWENENDO WA MSOMAJI KATIKA HAFLA YA TAREHE 29 MACHI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ofisi inasikitika kukuarifu kwamba binti yako, baada ya kusoma vizuri karatasi iliyoandaliwa kwa ajili ya wageni, aliiweka chini karatasi ya Kiswahili iliyoidhinishwa, na badala yake akarudia karatasi ya wageni kwa kuitafsiri mwenyewe, sentensi kwa sentensi, mbele ya hadhira yote. Jambo hilo halikuwamo kwenye ratiba.

Ofisi haina malalamiko kuhusu usahihi wa tafsiri. Malalamiko ni kwamba ilisomwa.

Aidha, wewe mwenyewe ulisimama bila kupewa nafasi na kuzungumza kwa muda wa dakika kumi na moja, hali iliyosababisha wageni kuuliza kulikoni, na kitambaa cha jina la jengo kutofunuliwa hadi sasa.

Unatakiwa kuleta barua ya kuomba radhi, yenye saini yako na ya binti yako, ndani ya siku saba. Usipofanya hivyo, chumba kitakabidhiwa kwa mwombaji mwingine.

Katibu

&nbsp;

1 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nakala ya barua ya katibu nimeiambatisha, nimeinakili kwa mkono. Ile yenyewe mama ameibandika ukutani, chini ya orodha ya vyakula, na wateja wanaisoma wakisubiri chai. Muuza magazeti anasema ni habari nzuri kuliko zote alizouza mwaka huu.

Nilikusudia kusoma kama nilivyopewa. Nataka uniamini katika hilo, sitaki unidhanie shujaa. Nilipanda jukwaani. Mbele walikaa wageni, nyuma yao wakubwa wa mji, na pembeni, kwenye viti vya plastiki, wale akina mama wa zamani. Katibu aliwaalika kumi, akawapa vitambaa vya rangi moja wajifunge kichwani. Mama alikaa nao.

Nikasoma ya wageni. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa, lakini ilitoka. Nikafika pale penye "walimwomba wao wenyewe awaondoe". Wageni wakapiga makofi. Na akina mama, kwa kuwa wageni wamepiga makofi, nao wakapiga. Wote, Shangazi. Yule mama mzee aliyekuwa jirani yenu upande wa bomba alipiga mpaka kitambaa kikamdondoka. Mama alipiga pia, ananitazama mimi, anatabasamu, anajivunia lugha ambayo haijui.

Walikuwa wanajishangilia walivyovunjiwa vibanda. Na mtu pekee pale aliyejua, wa upande wao, ni mimi.

Ulisema mtu anaanza kwa kukasirika akiwa amesimama. Nilikuwa nimesimama. Niliweka ile ya Kiswahili chini ya glasi ya maji, nikaishika ile ya wageni, nikasema, "Sasa kwa Kiswahili." Sikuongeza langu hata moja. Nilisoma walichoandika. "Vibanda vichafu." "Walimwomba wao wenyewe." "Kwa hiari yao." "Wanamshukuru." Nilisoma polepole kama imla darasani.

Hakuna aliyepiga makofi mara hii. Muuza magazeti alianza kukohoa, nadhani alifikiri nimekwama, halafu akaacha katikati ya kikohozi. Yule mzee wa upande wa bomba akasema, wala si kwa sauti kubwa, "Nani aliomba? Nani alitia saini ya kuomba?" Katibu akanyanyuka, akanifanyia ishara nishuke. Sikushuka. Si kwa ushujaa, miguu ilikataa.

Ndipo mama akasimama.

Aliyoyasema si yangu kukusimulia. Amenikataza kwa heshima zote, anasema safari hii ataandika mwenyewe. Ameketi pale meza ya pembeni, amepasua karatasi tatu, ananiuliza neno "samahani" nimuandikie au aliandike yeye. Nimemwambia aliandike yeye.

Shangazi, mimi bado naogopa kununua chumvi dukani. Jana nilinyoosha kidole tu. Lakini mwenye duka alinipa chumvi, akasema, "Wewe ndiye yule."

Mpwa wako

&nbsp;

5 Aprili

Wifi yangu,

Salamu. Miaka minane sijakuandikia, na mwandiko wangu ambao walikuwa wanausifia umekuwa kama wa kuku. Utanisoma hivyo hivyo.

Mtoto amekueleza mpaka pale niliposimama. Nilisimama kwa sababu yule mzee aliuliza nani alitia saini, na nikaona wenzangu wanatazamana, kila mmoja anamwonea haya mwenzake, kumbe wote hawana kosa. Nikasema, tulitia saini sote, mimi ndiye niliyewazungushia kalamu. Nikawaeleza ile karatasi ilikuwa ya nini tulivyoambiwa. Nikasema hatukuomba. Nikasema kuna mmoja tu hakusaini, na tulimcheka. Nilikutaja kwa jina lako kamili na la baba yako, kwenye kipaza sauti chao. Mmoja wa wageni akamuuliza mtoto ninasema nini, naye akamtafsiria yote. Huyo mtoto anayejificha nyuma ya mlango akija mgeni.

Wakati ule uliniuliza kama nilijua, nikanyamaza. Nataka nikujibu sasa. Siku ya kutia saini sikujua. Naapa kwa kaburi la kaka yako. Nilidhani ni sahani. Nilikuvuta kanga kwa sababu niliona haya mbele ya katibu, nilitaka tuonekane watu wastaarabu.

Lakini siku ya kupewa ufunguo nilijua. Katibu aliniwekea mkononi akasema, "Hii ni kwa ushirikiano wako." Nilikuwa mjane wa mwaka mmoja, na mtoto wa miaka minane, na sufuria zimepondwa na tingatinga. Nikaufunga mkono. Ndiyo maana sikuweza kukujibu, maana ungeuliza swali la pili, na la pili lilikuwa na jibu. Nimepika humo ndani miaka yote hii nikiwakataza watu siasa mpaka wamalize kula. Walidhani ni kwa ajili ya amani. Ilikuwa kwa ajili yangu, nisisikie jina la Meya kabla sijapata la kufanya kwa mikono.

Kaburini alale salama. Alikuwa na mazuri yake, na fundi saa ana haki ya kumlilia. Mimi namkumbuka kwa ufunguo. Kila mtu amkumbuke kwa alichopewa.

Katibu ametupa siku saba tuombe radhi, mimi na mtoto. Jana alikuja mwenyewe kuulizia barua. Nilikuwa na wateja wamejaa, na wale wenzetu sita waliketi meza ya mbele, wamekuja tangu asubuhi na hawakuniambia wanakuja kufanya nini. Nikamwambia barua naiandika. Akauliza itakuwa tayari lini. Nikamwambia ikishakuwa tayari itakwenda posta, si ofisini kwako. Akasema nitajuta. Nikamuuliza kama anakunywa chai au anapisha kiti, kuna watu wamesimama.

Jumatatu watakuja kufunga mlango. Waje. Nitapika nje ya mlango, na wakinifukuza mlangoni nitapika ng'ambo ya barabara, kwenye vibanda vichafu hivyo hivyo. Wenzetu wamesema watakuja na meko yao. Mtoto ameandika tangazo kubwa kwa lugha zote mbili, na safari hii zinasema kitu kimoja.

Radhi ninayo, wifi, wala siikatai. Nimeitafuta ni ya nani, na si ya katibu, wala si ya ofisi. Ni moja tu, na nimeitia humu ndani ya bahasha.

Nisamehe.

Wifi yako